Mpako wa PEDOT unabanduka kwenye elektrodi ndogo za kusisimua ubongo: nihamie oksidi ya iridi?

Mtafiti Chipukizi

Salaam kwenu nyote. Naomba mnisaidie mawazo kuhusu tatizo ambalo limenishinda kwa wiki tatu sasa.

Ninatengeneza elektrodi ndogo zitakazochomekwa kwenye gamba la ubongo ili kusisimua niuroni. Kwa sasa kazi yote iko mezani, ndani ya maji ya chumvi yenye bafa ya fosfati, pH 7.4, nyuzi joto 37 za Selsiasi. Hakuna mnyama aliyehusishwa bado. Kila elektrodi ni kiduara cha platini chenye kipenyo cha mikromita 50 na unene wa nanomita 200, kilicholazwa juu ya tabaka jembamba la titani, na kingo zake zimefunikwa kwa poliimidi, plastiki ya kuhami umeme. Mpigo ninaoutumia ni wa mikroampia 50 kwa mikrosekunde 200 katika kila awamu, awamu hasi ikitangulia na awamu chanya ikifuata, mipigo 50 kwa sekunde.

Nikikokotoa napata nanokulombi 10 kwa awamu, na nikigawanya kwa eneo la kiduara napata takriban mikrokulombi 510 kwa sentimita mraba. Vitabu vinasema kwamba platini laini hubeba kati ya mikrokulombi 50 na 150 tu kwa sentimita mraba kwa mipigo ya urefu huu, kwa hiyo niliona wazi kwamba platini tupu haitoshi. Niliipaka PEDOT, polima inayopitisha umeme, pamoja na mwenzake PSS kwa njia ya umeme, nikitumia chaji ya milikulombi 200 kwa sentimita mraba kuuotesha mpako. Matokeo ya mwanzo yalinifurahisha sana: impidansi (ukinzani kwa mkondo unaobadilika) kwenye mizunguko 1,000 kwa sekunde ilishuka kutoka kiloomu 300 hadi 15 hivi.

Furaha hiyo haikudumu. Baada ya siku mbili za mipigo mfululizo, yaani mipigo zaidi ya milioni 8, impidansi ya elektrodi 3 kati ya 8 ilipanda ghafla na kurudi karibu na ile ya platini tupu. Nilipoziweka chini ya hadubini niliona ukingo wa mpako umejikunja kuelekea juu kama gamba la kidonda kilichokauka, na katika elektrodi moja mpako wote ulikuwa umetoka na kuelea majini. Chini yake platini ilikuwa inang'aa kana kwamba haijawahi kupakwa kitu.

Msimamizi wangu anaona niachane na polima na nihamie oksidi ya iridi. Mwenzangu wa maabara anatetea naitraidi ya titani kwa sababu ni ngumu na imezoeleka kwenye vidhibiti mwendo vya moyo. Mimi sijui nianzie wapi. Je, tatizo ni PEDOT yenyewe, au ni namna nilivyoipaka?

Fundi Elektrokemia

Ndugu Chipukizi, umefanya vyema kuleta vipimo vyako vyote, maana wengi huuliza "mpako gani ni bora" bila kutaja mpigo wala eneo, na swali la namna hiyo halina jibu. Naomba nianze mbali kidogo, kisha nirudi kwenye elektrodi zako tatu.

Ndani ya waya umeme hubebwa na elektroni. Ndani ya tishu hubebwa na ioni. Mambo yote tunayohangaika nayo hutokea kwenye mpaka wa viwili hivyo. Kuna njia mbili salama za kuvusha mpigo hapo: chaji inaweza kulundikana pande mbili za mpaka bila elektroni yoyote kuvuka, kama ilivyo kwenye kapasita, au inaweza kuvuka kupitia mmenyuko wa kikemia ambao awamu ya pili ya mpigo itaurudisha nyuma kabla mazao yake hayajasambaa. Ndiyo maana tangu John Lilly na wenzake walipochapisha mpigo wa awamu mbili uliosawazishwa mwaka 1955, hakuna anayesisimua ubongo kwa muda mrefu kwa mipigo ya upande mmoja. Chaji ikizidi uwezo wa njia hizo mbili, volteji ya elektrodi hutoka nje ya mipaka ambayo maji huivumilia, ambayo kwa platini ni kati ya hasi 0.6 na chanya 0.8 za volti ukilinganisha na elektrodi rejea ya fedha na kloridi ya fedha. Ukivuka hapo maji yanaanza kuvunjika, haidrojeni au oksijeni inatoka, pH ya karibu inabadilika, na upande wa chanya platini yenyewe huyeyuka kwa kuungana na kloridi zilizomo mwilini.

Mpako hauongezi nguvu yoyote. Kazi yake ni kuipa chaji ileile mahali pengi zaidi pa kukaa, ili volteji isifike kwenye mipaka hiyo. Naitraidi ya titani hufanya hivyo kwa umbo lake: ikipakwa ndani ya chombo chenye utupu huota kama msitu wa nguzo nyembamba zilizosongamana, na uso halisi unakuwa mkubwa mara nyingi kuliko ule unaoonekana. Haina mmenyuko wa kutegemewa ndani yake, ni kapasita tu, na kiwango kinachotajwa mara nyingi ni karibu milikulombi 0.9 kwa sentimita mraba. Oksidi ya iridi huenda mbali zaidi, kati ya milikulombi 1 na 5, kwa sababu unene wake wote hushiriki: atomi za iridi hupanda na kushuka kati ya hali ya chaji 3 na hali ya chaji 4, huku ioni zikiingia na kutoka ili kusawazisha. PEDOT nayo hutumia unene wake wote, kwa kuwa ni polima iliyolowa maji ambayo inapitisha elektroni na ioni kwa pamoja. Machapisho yanaanzia milikulombi 2 hivi na mengine hufika 15.

Kwa hiyo, kwa mahitaji yako ya milikulombi 0.51, mipako yote mitatu inatosha kwenye karatasi. Namwambia mwenzako kwa heshima kwamba naitraidi ya titani ingekuwa na nafasi finyu, kwa sababu vinyweleo vyake ni virefu na vyembamba, na mpigo wa mikrosekunde 200 unaweza kwisha kabla ioni hazijafika chini ya vinyweleo hivyo. Kwenye kidhibiti mwendo cha moyo elektrodi ni kubwa na hali ni tofauti kabisa. Kwa sababu hiyohiyo usitegemee chaji unayoisoma kwenye voltametria ya mzunguko, yaani kupandisha na kushusha volteji huku ukisoma mkondo: kipimo hicho huenda polepole, ioni zina muda wa kuingia kila pembe, na namba inayotoka huwa kubwa kuliko ile ambayo mpigo wako utaipata.

Sasa nirudi kwenye mpako wako uliobanduka. Kabla ya kuilaumu PEDOT, naomba uniambie jambo moja: awamu zako mbili zinalingana kwa kiasi gani? Chukua mfano kwamba kisisimuaji chako kina hitilafu ya asilimia 1 tu, ambayo kwenye skrini ya osiloskopu huwezi kuiona. Asilimia 1 ya nanokulombi 10 ni nanokulombi 0.1 kwa kila mpigo. Kwa mipigo 50 kwa sekunde hiyo ni nanoampia 5 za mkondo mnyoofu usiokoma. Kwa siku mbili inakuwa milikulombi 0.86 hivi. Inaonekana ni kidogo mpaka ukumbuke eneo lako: gawanya kwa kiduara cha mikromita 50 na utapata takriban kulombi 44 kwa sentimita mraba. Wewe uliuotesha mpako mzima kwa kulombi 0.2. Kama hitilafu hiyo ipo, basi katika siku hizo mbili imepita chaji ya mara 220 ya ile iliyouumba mpako, na hakuna kapasita ya kuihifadhi. Yote imelazimika kupita kwa mimenyuko isiyorudi nyuma. Ikiwa upande wake ni chanya, PEDOT huoksidishwa kupita kiasi na kupoteza uwezo wa kupitisha umeme. Ikiwa ni hasi, oksijeni iliyoyeyuka majini hugeuzwa pale kwenye elektrodi, na mkondo ukiwa mkubwa haidrojeni huzaliwa chini ya mpako na kuunyanyua kutoka chini.

Pima mkondo huo kwanza. Weka kapasita ya mfuatano kati ya kisisimuaji na elektrodi ili izuie mkondo mnyoofu, na uiunganishe elektrodi moja kwa moja na elektrodi rejeshi, ile inayorudisha mkondo, kati ya mpigo na mpigo ili chaji iliyobaki imwagike.

Fiziolojia Kwanza

Nakubaliana na aliyotangulia kuyasema Fundi, ila naomba kuongeza jambo ambalo wahandisi wa mipako hulipita haraka mno, nami linanigusa kwa sababu kazi yangu ni kuitazama tishu baada ya ninyi kumaliza kazi yenu.

Elektrodi ina kikomo chake, na tishu ina kikomo chake, na vikomo hivi viwili ni vitu tofauti. Mpako mzuri huinua kile cha kwanza. Cha pili haukigusi. Niuroni inayosisimuliwa kupita kiasi huumia hata kama elektrodi haijatoa hata kiputo kimoja cha gesi, kwa kuwa chanzo cha madhara hayo ni msisimko wenyewe.

Mwaka 1990 McCreery na wenzake walionyesha, kwa majaribio kwenye gamba la ubongo wa paka, kwamba madhara hutegemea mambo mawili kwa pamoja: chaji katika kila awamu, na msongamano wa chaji hiyo juu ya uso wa elektrodi. Mwaka 1992 Shannon aliyaweka matokeo ya namna hiyo katika kanuni fupi: jumla ya logi ya msongamano na logi ya chaji isizidi namba k, ambayo wengi huichukua kuwa 1.85. Ukiingiza namba zako, yaani mikrokulombi 510 kwa sentimita mraba na mikrokulombi 0.01 kwa awamu, unapata k ya 0.7 hivi, na utadhani uko salama kabisa.

Hapo ndipo wengi hukosea njia. Kanuni ya Shannon ilitokana na elektrodi kubwa, na kwa elektrodi ndogo kama zako haifai. Kwa elektrodi zenye uso usiozidi takriban mikromita mraba 2,000, kikomo kinachotumiwa sana kwa tishu ya ubongo ni nanokulombi 4 kwa awamu, bila kujali msongamano. Kiduara chako kina mikromita mraba 1,960, na wewe unapitisha nanokulombi 10. Maana yake ni kwamba hata ukipata mpako utakaodumu miaka 20 bila ufa, mpigo wako bado unaweza kuwaumiza wanyama wako.

Linganisha na elektrodi zinazochomekwa ndani kabisa ya ubongo kwa wagonjwa wa ugonjwa wa Parkinson. Kiguso kimoja cha elektrodi hizo kina kipenyo cha milimita 1.27 na urefu wa milimita 1.5, yaani uso wa sentimita mraba 0.06. Miliampia 3 kwa mikrosekunde 90 ni nanokulombi 270, chaji kubwa kuliko yako mara 27, lakini msongamano wake ni mikrokulombi 4.5 tu kwa sentimita mraba, na aloi tupu ya platini na iridi huibeba bila shida wala haja ya mpako. Vipandikizi vya sikio la ndani ni hivyo hivyo: hadi Desemba 2019 vilivyosajiliwa duniani vilikuwa takriban 736,900, na viguso vyake ni vya platini. Haja ya mpako huja pale elektrodi inaposhuka ukubwa hadi kufikia ukubwa wa kundi dogo la niuroni.

Swali langu kwako basi, ndugu yangu: kwa nini mikroampia 50? Umeitoa wapi? Kama hukuipima, shuka hadi mikroampia 20, ambazo kwa mikrosekunde 200 ni nanokulombi 4 kamili. Msongamano utakuwa kama mikrokulombi 204, na mpako wowote kati ya hiyo mitatu utakuwa na nafasi ya kutosha.

Mtafiti Chipukizi

Nawashukuru sana nyote wawili. Nimesoma majibu yenu mara tatu, na naomba nikiri kwamba mikroampia 50 niliirithi kutoka kwenye itifaki ya zamani ya maabara yetu, ambayo iliandikwa kwa ajili ya elektrodi kubwa zaidi. Sikuwahi kuihoji. Nitaanzia mikroampia 5 na kupanda polepole, na 20 itakuwa ndio mwisho.

Kuhusu swali la Fundi, leo asubuhi nimeweka kinzani ya kiloomu 10 mahali pa elektrodi na kuacha kisisimuaji kipige kwa saa moja huku nikisoma wastani wa volteji. Mkondo mnyoofu ni nanoampia 7, upande wa hasi. Kwa hiyo hitilafu yangu ni kubwa kuliko ile uliyoitolea mfano. Kisisimuaji hakina kapasita ya mfuatano. Kilijengwa na mwanafunzi aliyenitangulia, na kwenye mchoro wake kapasita ipo, ila kwenye bodi yenyewe mahali pake pameunganishwa kwa kipande cha waya.

Lakini kuna jambo bado linanisumbua. Elektrodi zote 8 zilipata mkondo uleule, na ni 3 tu zilizobanduka. Nilipozitazama upya picha nilizopiga kabla ya kupaka, kwenye 2 kati ya hizo 3 naona kivuli hafifu cha rangi ya kahawia kandokando ya ukingo wa poliimidi. Je, hilo lina maana yoyote?

Matabaka

Lina maana kubwa, na nashukuru kwamba ulipiga picha kabla, kwani wengi hawapigi.

Kivuli hicho cha kahawia karibu hakika ni mabaki ya poliimidi. Unapofungua dirisha juu ya platini, poliimidi haiondoki sawasawa; katikati husafika haraka na pembeni hubaki utando mwembamba usioonekana kwa macho. PEDOT huota juu yake vilevile, kwa sababu inaanzia katikati na kusambaa kwenda pembeni, lakini pale pembeni haijashika chuma chochote. Na pembeni ndipo pabaya zaidi pa kuwa na udhaifu, kwa kuwa kwenye elektrodi ya kiduara mkondo haugawanyiki sawa: husongamana kwenye mzingo. Kwa hiyo sehemu iliyoshika vibaya kuliko zote ndiyo inayobeba mzigo mkubwa kuliko zote. Mkunjo wako ulioufananisha na gamba la kidonda ulianza hapo.

Mimi huzisafisha hivi. Kwanza plazma ya oksijeni (gesi iliyochajiwa kwa umeme) kwa dakika chache, ili kuyachoma mabaki. Kisha naiweka elektrodi kwenye asidi ya salfuriki ya moli 0.5 kwa lita na kuizungusha kwa voltametria, mzunguko baada ya mzunguko, nikiangalia mchoro. Platini chafu hutoa mchoro bapa, usio na sura. Kadiri inavyosafika, upande wa hasi huchomoza vilima viwili vidogo vya haidrojeni inayoshika na kuachia uso wa platini, na upande wa chanya hutokea tambarare ya oksidi. Vilima hivyo vikishatulia na mzunguko wa sasa kufunika kabisa ule uliotangulia, ndipo naanza kupaka, siku hiyohiyo, bila kuiacha elektrodi ilale hewani. Elektrodi ambayo vilima vyake havitokei siipaki kabisa, hata kama ndiyo ya mwisho niliyo nayo. Kipimo hicho kimoja kimeniokolea muda mwingi kuliko kifaa chochote nilichowahi kununua.

Baada ya usafi, ukwaru. Platini laini haina mahali ambapo polima inaweza kung'ata. Unaweza kuotesha tabaka jembamba la platini yenye vinyweleo kabla ya PEDOT, na mpako utaingia ndani ya vinyweleo hivyo na kushikamana navyo. Tahadhari: maelekezo ya zamani ya kuotesha platini nyeusi huweka asetati ya risasi kwenye kimiminika ili ikue haraka. Usiyatumie kwa kitu kitakachoingia ndani ya mwili. Kuna njia nyingine ya kuifunga polima kwenye chuma kwa vifungo vya kikemia, na pia wapo wanaoipaka PEDOT juu ya oksidi ya iridi, kwa kuwa uso wa oksidi hiyo ni wenye ukwaru na hushika vizuri zaidi.

Punguza pia unene. Milikulombi 200 kwa sentimita mraba si nyingi kwa elektrodi kubwa, lakini kwa kiduara kidogo mpako huvuka ukingo na kulala juu ya poliimidi kama uyoga. Kila mpigo ioni huingia na kutoka, polima huvimba na kusinyaa kwa kiasi kidogo sana, na mpako mnene unasukumana na chini yake zaidi kuliko mwembamba. Jaribu nusu ya hapo. Impidansi itapanda kidogo tu, maana kwa kiduara cha ukubwa wako ukinzani wa maji ya chumvi pekee ni kama kiloomu 6.5, na hakuna mpako utakaoushusha chini ya hapo.

Sasa kuhusu oksidi ya iridi, kwa kuwa ndilo lililokuwa swali lako. Mimi ndiyo ningeichagua kama lengo ni kipandikizi cha miaka mingi, na nasema hivyo ingawa napenda PEDOT. Ni oksidi ya chuma, haiozi, inavumilia joto la otoklevu, chombo cha mvuke cha kuua vijidudu, na ikipakwa kwa kunyunyiziwa kwenye utupu juu ya titani safi hushika kwa nguvu. Lakini usidhani inasamehe makosa. Inapokuwa katika hali ya chaji 3 huwa haipitishi umeme vizuri, kwa hiyo ili kufikia zile namba kubwa kwa mipigo inayoanza na hasi, watu huishikilia kwenye volteji ya chanya kati ya mpigo na mpigo, na hapo unakuwa umeongeza saketi nyingine inayoweza kuharibika ndani ya mwili. Bila hiyo, uwezo wake hushuka sana. Na ikisukumwa kupita mipaka yake, nayo hubanduka na kuacha vipande kwenye tishu. Kwa mikrokulombi 204 kwa sentimita mraba hutahitaji volteji hiyo ya ziada.

Kwa kifupi, kuhusu pendekezo la msimamizi wako: kuhama peke yake hakutakuponya. Oksidi ya iridi juu ya uso wenye mabaki ya poliimidi, kwenye kisisimuaji kinachovujisha nanoampia 7, nayo ingeharibika.

Fundi Elektrokemia

Nimefurahi kwamba waya ule umeonekana. Naongeza mambo ya upimaji tu, kwa sababu ndiyo yatakayokuambia kama marekebisho yamefanya kazi.

Usisubiri impidansi ipande ndipo ujue kuna tatizo. Rekodi volteji ya elektrodi wakati wa mpigo wenyewe, ukitumia elektrodi rejea ya tatu isiyopitisha mkondo. Utaona mruko wa ghafla mwanzoni, ambao ni ukinzani wa maji tu. Kwa mikroampia 20 unapaswa kuwa kama volti 0.13. Baada ya hapo mstari unashuka polepole, na mteremko huo ndio elektrodi inayojaa chaji. Acha nafasi fupi isiyo na mkondo kati ya awamu ya hasi na ya chanya, mikrosekunde 20 au 30, kisha soma volteji mara tu mkondo unapokatika. Namba hiyo isipite hasi 0.6 kwa platini na oksidi ya iridi. PEDOT huvumilia hadi hasi 0.9, lakini mimi hutumia 0.6 kwa mipako yote iliyokaa juu ya platini, kwa kuwa mpako ukipata ufa, platini iliyo chini ndiyo itakayokutana na maji. Mteremko ukianza kuwa mkali siku baada ya siku, mpako unakufa, hata kama impidansi bado inaonekana nzuri.

Na usiamini kabisa namba za maji ya chumvi. Bafa ya fosfati huzuia pH isibadilike kwa namna ambayo tishu haiwezi, na ndani ya ubongo protini huufunika uso wa elektrodi na ioni husafiri kwa shida zaidi. Uwezo wa kubeba chaji hushuka mara elektrodi inapoingia kwenye tishu. Ukiwa mezani acha nafasi kubwa.

Mtafiti Chipukizi

Nimerudi baada ya siku 11. Nimetoa ule waya na kuweka kapasita, pamoja na swichi inayounganisha elektrodi zote na elektrodi rejeshi kwa milisekunde 10 baada ya kila mpigo. Mkondo mnyoofu sasa uko chini ya kile ambacho mita yangu inaweza kusoma.

Elektrodi 8 mpya zimepita kwenye plazma na asidi. Vilima vya haidrojeni vilitokea kwenye 6 katika mzunguko wa 20 hivi. Kwenye 2 havikutokea hata baada ya mizunguko 100, na nilitamani sana kuzipaka hivyo hivyo, lakini nilikumbuka maneno ya Matabaka nikaziweka kando. Zile 6 nimezipaka kwa milikulombi 100 kwa sentimita mraba, na zimeanza siku ya nane ya mipigo ya mikroampia 20. Hakuna iliyobanduka. Volteji baada ya awamu ya hasi ilikuwa wastani wa hasi 0.21 siku ya kwanza na leo ni hasi 0.23, isipokuwa moja iliyofika hasi 0.34. Chini ya hadubini naiona ni sawa na nyingine.

Nilizungumza pia na msimamizi kuhusu kikomo cha nanokulombi 4, na tumekubaliana kuandika upya itifaki nzima ya majaribio kabla ya kuomba kibali cha wanyama.

Kwa hiyo swali langu limebaki kwenye ile elektrodi moja. Niitoe nje sasa na kuichunguza, au niiache iendelee hadi ivunjike?

Matabaka

Iache iendelee, ila iongezee kipimo cha volteji kila saa badala ya kila siku, na piga picha yake kila asubuhi ukielekeza mwanga kutoka ubavuni. Mpako unaoanza kunyanyuka huonyesha mstari mwembamba wa kivuli kwenye ukingo muda mrefu kabla haujajikunja. Ikifika hasi 0.5, itoe, ikate, na uitazame ukingo wake kwenye hadubini ya elektroni. Na zile mbili ulizoziweka kando usizitupe. Zitazame kwa hadubini hiyohiyo siku hiyohiyo, kwa sababu ukikuta utando uleule kwenye zote tatu, tatizo litakuwa kwenye hatua ya kufungua madirisha ya poliimidi, na hapo itabidi uanze kurekebisha huko.